Radhi Haina Mkalimani

Nyanya yangu alimsengenya Mjerumani mbele ya uso wake kwa zaidi ya miaka kumi, na Mjerumani akawa anatikisa kichwa na kumwongezea chai. Huo ndio uliokuwa urafiki wao, na sijaona urafiki mtamu kama ule. Najua, kwa sababu chai yenyewe nilikuwa nikiipika mimi.

Yalianzia Diani, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mahoteli yalikuwa yamepungukiwa na wageni, na mimi nilikuwa mmoja wa wahudumu walioambiwa wakapumzike nyumbani mpaka watakapoitwa. Sijaitwa hadi leo. Lakini hotelini nilikuwa nimeokota Kijerumani cha kutosha, na jirani ya nyanya, mama wa Kijerumani aliyejenga na mumewe ng'ambo ya ua wetu, akanichukua nimpikie.

Yule mama hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Na angekijulia wapi? Muuza samaki alimbishia hodi kwa Kijerumani. Fundi wa makuti alipatana naye bei kwa Kijerumani. Muuza maembe, Mdigo mwenzangu ambaye hajavuka Likoni maishani mwake, alihesabu kwa Kijerumani vizuri kunishinda. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa huu: mgeni akifungua mdomo tu, tunamkimbilia na lugha yake mikononi, ati ndiyo adabu. Kisha tunakaa barazani kulalamika: jamani, miaka yote hii hajui hata kuamkia!

Nilipomwambia ajifunze, alicheka. Alisema kwao alikuwa mwalimu, ameongea mpaka koo likamkauka, na huku amekuja kupumzisha masikio. "Nyanya yako akizungumza," aliniambia, "nasikia kama mvua juu ya makuti. Nikielewa, mvua itakwisha." Nilitaka kumjibu vibaya. Mvua? Wakati ule ule nyanya alikuwa akimwambia kwamba ana miguu ya korongo.

Kila asubuhi nyanya alipenya uani na ukili wake kwapani, akaketi kwenye baraza ya jikoni kusuka mkeka. Mjerumani akaja na mbwa wake, akaketi naye. Nyanya alisema yake kwa Kiswahili kilichochovywa Kidigo, mwenzake akasema yake kwa Kijerumani, na ni mimi peke yangu niliyesikia pande zote mbili. Wallahi, nilikuwa naiuma kanga nisicheke. Huyu analalamikia goti lake, yule anajibu habari za dada yake waliyegombana kwa nyumba ya urithi. Huyu asema "maskini, maskini," yule apanguza machozi, na wote wawili waondoka wameridhika.

Lakini nyanya hakuwa na breki. "Huyu ambusu mbwa mdomoni kisha anipe mimi mkono," alisema akitabasamu, na huku anapokea biskuti. "Aanika chupi zake mbele ya nyumba kama bendera za serikali." Mjerumani naye anatabasamu. Nikimkanya nyanya, alinijibu kwamba neno lisiloeleweka halina dhambi. Ulimi hauna mfupa, na wa nyanya haukuwa hata na gegedu.

Basi mjomba wangu, mwanawe wa pekee, akamwandalia safari ya Hija. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Waliokuwa wanakwenda walifundishwa na ustadh mmoja baada ya sala ya alasiri, na nyanya hakukosa darasa. Siku moja alirudi amenyong'onyea. Ustadh alikuwa amewaambia kwamba haki ya Mungu, Mungu mwenyewe huisamehe, lakini haki ya mja haisameheki mpaka mja huyo asamehe. Kila mtu awaendee aliowasengenya, awatake radhi, ndipo apande ndege.

Nyanya alikuwa amenyanyua mkono akauliza: je, kama msengenywa alikuwepo, ameketi hapo hapo? Ustadh akauliza, alikuwa akielewa? Hakuwa akielewa. Ustadh akashika ndevu, akafikiri, akasema, "Basi ni kama hakuwepo."

"Nimekwisha," nyanya akaniambia, akajitupa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi jikoni kwangu. "Nitafika Makka na mzigo wa Mjerumani kichwani."

Nilimwambia asihangaike, nitamtafsiria mimi, mara moja yatakuwa yamekwisha. Akanitolea macho.

"Weye? Weye utatia sukari. Nitasema nimemtukana, utamwambia nimemsalimu. Radhi haina mkalimani, mwanangu. Asikie kwa masikio yake, anisamehe kwa mdomo wake."

Neno moja tu ndilo aliloniruhusu kutafsiri: kwamba ana jambo la kumwambia mwenzake kabla hajasafiri, na lazima mwenzake alielewe bila ya mimi. Mjerumani aligeuka rangi. Nadhani alifikiri ni habari ya ugonjwa. Mwanamke aliyekataa Kiswahili miaka nenda miaka rudi alikikubali pale pale, kabla chai haijapoa.

Nikajitia kumfundisha salamu, kama watu wote. Nyanya akanisukuma kando. "Kwa 'habari za asubuhi' sijamkosea kitu," alisema. "Mfundishe nilipomkosea." Basi somo la kwanza likawa miguu. La pili, korongo. Nyanya alimpeleka mwenyewe hadi Mwachema, pale mto unapoingia baharini, akamwonyesha ndege amesimama majini, kisha akamwonyesha miguu yake. Baadaye zikafuata busu, mbwa, kuanika, chupi na bendera. Mtunza bustani wetu, kijana wa bara kutoka Kitui, alipojaribu kusaidia, nyanya alimfukuza. "Huyo na 'iko' zake! Nikasamehewe kwa 'iko samehe'? Malaika wataandika nini?"

Na Mjerumani, ajabu, alikipenda. Alikuwa akienda sokoni Ukunda na maneno yake hayo machache, amwambie muuza samaki, "Mbwa anaanika bendera!" kwa sauti ya mtu anayeulizia bei. Muuza samaki akamjibu kwa Kijerumani, kama kawaida yake. Mama akapiga meza ile ya samaki kwa kiganja: "Kiswahili!" Nilicheka mpaka nikaketi juu ya gunia la mtu. Wiki baada ya wiki maneno yalizidi kuungana, na nyanya naye, kwa mara ya kwanza, alianza kusikilizwa. Mjerumani alimuuliza, "Goti linauma?" Nyanya akaanza habari ya goti lile upya, tangu mwanzo, maana kumbe alikuwa hajawahi kuulizwa.

Lakini jambo moja nyanya alilikwepa. Nilijua ni lipi. Mume wa yule mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa na ugonjwa wa moyo, na mkewe, kwa kumlinda, aliifungia chumvi kabatini, mzee wa watu akala miaka yote vyakula vya mgonjwa. Siku ya msiba nyanya aliketi kando ya mjane, akamshika mkono tangu asubuhi hadi magharibi, akimbembeleza kwa sauti laini kabisa. Na maneno yenyewe yalikuwa haya: "Umemuua mwenyewe, mwenzangu. Umemuua kwa kumnyima chumvi." Mjerumani alimlalia begani na kumshukuru.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari, nyanya alikuja akiwa ameoga, amevaa buibui jipya. Hakuja na ukili. Akaketi, akasema polepole, neno baada ya neno.

"Mwenzangu, nilisema una miguu ya korongo."

Mjerumani aliitazama miguu yake. "Ndiyo," akakubali. "Ya korongo."

"Nilisema unabusu mbwa."

"Nambusu."

"Nilisema unaanika chupi kama bendera."

Mama akageuka kutazama kamba ya nguo, na kwa bahati chupi zilikuwepo, na upepo ulikuwepo. Akacheka. Lakini nyanya hakucheka.

"Siku ya msiba, nilikushika mkono. Nikasema wewe umemuua mumeo. Ulimnyima chumvi."

Nilitamani sakafu ipasuke nipotelee humo. Mama wa Kijerumani midomo ikamcheza, anatafuta maneno.

"Siku ile," akasema, "nilifikiri unasema maneno mazuri."

"Hayakuwa mazuri."

"Hapana. Hayakuwa." Kisha, taratibu, "Lakini yeye pia alisema. Kila siku mezani. Chumvi, chumvi, mke wangu, utaniua." Na hapo akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, machozi yanamtoka, na nyanya naye akacheka na kulia, wameshikana mabega kama wasichana wa ngomani. Mimi nilijikuta nalia jikoni juu ya sufuria ya wali.

Nyanya akapanguza uso. "Basi umenisamehe?"

"Hapana."

"Ati?"

"Hapana. Sikusamehe." Alisema kwa upole, lakini alikaza. "Watu wazee wanakufa kule. Nimesikia redioni. Wewe rudi. Ukirudi, nakusamehe."

"Lahaula!" Nyanya alinigeukia mimi, kana kwamba kosa ni langu. "Mtu nimempa ulimi mimi mwenyewe, kisha jambo la kwanza la maana aniambialo ni hapana?"

Alimwomba siku ile, akamwomba kesho yake. Alimpelekea mahamri. Mjerumani akala mahamri, akasema asante, akasema hapana.

Asubuhi ya safari nyumba ilijaa watu. Kila mmoja alipita akapeana radhi na nyanya, mpaka watoto ambao hawakujua wanasamehe nini. Mjomba alikuwa akitazama saa, akiwazia foleni ya feri. Nyanya akaingia garini, gari likaondoka, na kabla halijafika barabarani akalisimamisha mbele ya lango la Mjerumani. Akashuka. Nilimfuata.

"Hodi!"

Sauti ikaja kutoka nyuma ya lango, karibu kabisa, tukajua alikuwa amesimama pale pale: "Hakuna mtu."

"Fungua, gari lanisubiri."

"Lisubiri."

"Wee mwanamke! Nikifa huko na haki yako shingoni?"

"Basi usife," sauti ikasema, na ilikuwa imekatika.

Nyanya aliketi chini, na buibui lake jipya, juu ya mchanga, akaegemea lango. Mjomba akapiga honi. Nyanya akampungia mkono anyamaze. Nilimsikia na mama akiketi upande wa pili, wamepeana migongo na ubao uko katikati. Mimi nilisimama pale kama mlingoti.

Mwishowe komeo likalia. Mjerumani alitoka, pua nyekundu, akamnyanyua nyanya kwa mikono yote miwili.

"Nimekusamehe," akasema, wazi. "Yote. Na mimi, naomba radhi. Mimi pia nilisema, kwa Kijerumani. Mengi. Nilisema wewe..."

Nyanya akamziba mdomo kwa kiganja.

"Weka hayo," alimwambia. "Weka yote, usisahau hata moja. Utaniambia nikirudi."

Wakati wote nyanya alipokuwa Hija, mama yule alikuja jikoni kwangu kuuliza maneno ya Kiswahili, mengine ya aibu hata kuyatamka, na akiyapata alirudi barazani kuyarudiarudia peke yake. Siku ya mahujaji kurejea, kwetu dufu zilikuwa zimeanza kupigwa na biriani imeiva. Gari lilipita langoni kwetu bila ya kusimama. Nyanya, na goti lake, na vumbi la safari, alishuka nyumba ya pili, akaketi kwenye baraza ya jikoni mahali pake, akavua viatu.

"Haya," akamwambia Mjerumani. "Anza."