Chanjo Iliyolala na Bia

Mama yangu hakuogopa mtu, ila mafua aliyaogopa. Mdogo wangu alianza na mafua. Mama akasema, "Mafua tu," akamfukiza kwa majani ya mkaratusi, na siku ya nne vipele vikachomoza nyuma ya masikio. Ilikuwa surua. Tulimzika. Tangu hapo, mtoto yeyote akipiga chafya mtaani kwetu Rumonge, mama alimkamata na kumkunja masikio amtazame nyuma, hata kama mtoto mwenyewe ameshaanza kuota ndevu.

Vita vilipojaza mji wetu wakimbizi, surua ikaingia nao. Binti yangu alikuwa na miezi tisa. Muganga akaleta chanjo, lakini firigo ya zahanati ilikuwa imeshaibwa, na iliyobaki mtaani ilikuwa ya kabare, pale wanaume wanapokunywa. Basi chanjo ikalala kabare, katikati ya chupa za bia.

Habari zikamfikia mama.

"Vaksini imelala na bia, halafu mumuchome mujukuu wangu? Apana!"

Nililia. Nikamwambia wazi kwamba naogopa, kwamba sitaki kuzika kama yeye alivyozika. Asubuhi nikamwona anatoka na sabuni na ndoo ya maji ya moto. Anakwenda kuiosha chanjo.

Nilimkimbilia na mtoto mgongoni. Muganga alitukuta mlangoni mwa kabare, nusura azimie.

"Mama, ikipata moto inakufa! Haiwezi kutoka mu firigo."

"Basi bia ndiyo itoke."

Akaingia, yeye ambaye kabare alikuwa akiipita ng'ambo ya barabara ameziba pua. Ndani alikuwepo baba, aliyetuaga kwamba anakwenda msikitini.

"Iko soda," baba akasema, chupa mkononi.

"Iko vizuri. Weka chini soda yako, beba kreti."

Baba akabeba. Mwenye kabare akaanza kulalamika. Mama akamwuliza ana watoto wangapi. Naye akabeba. Mama akaifuta firigo kwa sabuni yake, chanjo ikiwa humo humo ndani, akaketi mbele yake na tasbihi mpaka muganga alipoanza kuchoma. Siku hiyo wanaume wa Rumonge walikunywa bia ya moto, na matusi wakayameza nayo.

Binti yangu alichomwa wa kwanza. Alilia, na mama akamtukana muganga kwa kuwa na mkono mzito.

Surua ilipita mtaa wetu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walizika. Wao walisema watachanja wiki ijayo, na wiki ijayo barabara ikafungwa kwa risasi. Sikuwacheka. Ilibaki kidogo tu tuwe sisi.

Upepo wa kiangazi ulipoanza, binti yangu akaamka anakohoa, kamasi hadi kidevuni. Nikamgeukia mama, aliyekuwa uani anapara samaki. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Masikio hakuyagusa.

"Mafua tu," akasema, akachukua samaki mwingine.