Nani Atamkamua Ng'ombe?

Nikiulizwa ni vitabu gani vilivyonifunza kuandika, siwezi kutulia kitini. Waandishi wenzangu hutaja vyao wakapigiwa makofi. Mimi, kila kitabu ninachotaka kukitaja, namsikia mama akinikatiza.

Mama hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Msimu wa kahawa, kwetu Githongo, tulimwaga magunia uani tukachagua mbivu na mbichi kabla ya kuzipeleka kiwandani. Dada zangu walichagua. Mimi nilisoma kwa sauti, nikigeuza kila sentensi kuwa Kimeru. Vitabu vilikuwa vya shule na lazima virudi Jumatatu, kwa hiyo nilisoma kama mtu anayefukuzwa.

Mama hakuwa na haraka. Kuna kimoja kilichohusu mwizi wa benki aliyetoroka na mkewe, polisi wakiwafuata nyuma. Nilipofika pale bastola inapotolewa, mama akauliza hao watu wamemwachia nani ng'ombe. Nikamwambia kitabu hakitaji ng'ombe. Akasema mke mwenye akili hatoki nyumbani bila kumfikiria ng'ombe, na kama hawana, basi chai wanakunywa na nini? Nilikasirika karibu nilie. Lakini hakuniruhusu kufungua ukurasa mwingine mpaka nimjibu, nikabuni jirani mjane aliyekubali kukamua. Akaridhika. Kesho yake, kabla sijakaa vizuri, akauliza yule mjane anaendeleaje.

Basi ikabidi mjane naye augue, apone, agombane na wifi yake, huku polisi wa watu wakingoja. Jumatatu kitabu kilirudi shuleni sijajua kama mwizi alikamatwa. Kilichofuata kilikuwa cha wapenzi wawili wa mjini, na hicho hatukuvuka sura ya pili, maana mama alitaka kwanza kujua wazazi wa msichana wanasemaje. Nilimchukia siku hizo. Nilitaka mwisho, yeye ananirudisha jikoni.

Hata hivyo maji yalikuwa yameshaingia mtungini. Nilipoandika riwaya yangu ya kwanza, katika chumba nilichopanga mjini, karibu na Kinoru, niliandika nikisimama na kukaa, nikizunguka meza, nikimjibu mama mstari kwa mstari. Hakuna ng'ombe wangu aliyelala bila kukamuliwa. Hakuna mtoto aliyeachwa bila wa kumlisha. Kabla ya kuupeleka mswada kwa mchapishaji niliurudisha nyumbani, nikiwa nimeapa kwamba mama akiukataa, hauendi popote.

Nilimsomea kwa Kimeru, alasiri baada ya alasiri, naye akiambua maharagwe. Hakuuliza kitu. Mwanzoni nilifurahi, nikajiona nimefuzu. Kisha ule ukimya ukaanza kuniwasha. Nikasoma haraka, nikasoma polepole, nikaruka ukurasa mzima makusudi ili anishike. Hakunishika. Nilipomaliza nilimuuliza kama kweli hakuna jambo lolote analotaka kujua juu ya hao watu.

Akapepeta maharagwe yake kwanza.

"Hakuna," akasema. "Umejibu yote kabla sijauliza. Sasa mimi ulinikalisha hapa nifanye nini?"