Mheshimiwa Alikula, Akashiba

Kikundi chetu cha kutetea wapangaji kilinipa uenyekiti kwa sababu moja: naipenda maikrofoni. Siku za kazi mimi ni nesi. Jumamosi ni mwanasiasa asiye na jimbo.

Kiangazi kile tulimwalika mbunge wa eneo letu katika ukumbi wa kanisa, hapa Mansfield. Tulitaka aunge mkono mswada wa kuwazuia wenye nyumba kumfukuza mpangaji kwa kosa la kulalamika. Mama mmoja Mkongo, mkimbizi anayeishi Haltom City, alilalamika kwamba kiyoyozi chake kimekufa, akajibiwa kwa notisi ya kuhama. Yeye ndiye aliyekuja kusema. Msaidizi wa mbunge alituonya mapema: nusu saa tu.

Basi mimi nikaipanga nusu saa hiyo kama harambee ya nyumbani. Tukaanza na sala, ndefu. Nikamtambua mchungaji, mkewe, mwenyekiti wa akina mama, na wenzetu waliotoka Houston alfajiri, kila mmoja asimame apungiwe mkono. Halafu mgeni hahutubiwi akiwa na njaa, kwa hiyo tukampa pilau na chapati. Mheshimiwa alikula, akaongeza. Nikamsifu hadi nikaanza kuona haya, ingawa si kiasi cha kunyamaza.

Katibu wetu akaninong'oneza, "Chair, wrap up. Jamaa ana-check saa."

Niliposema "na sasa, bila kupoteza wakati," mheshimiwa alikuwa tayari amesimama. Akanishika mkono, akasifu chapati, akaondoka na nyingine kwenye foili. Mama yule alikuwa bado kiti cha mbele, mkoba magotini. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulimwandikia mbunge. Ofisi yake ikashukuru sana, hasa kwa chapati. Mswada ukafia njiani, na mama akafukuzwa. Mke wangu, ambaye hajawahi kuhutubia mtu, akamtandikia kitanda katika chumba chetu cha wageni. Alikuja na sanduku moja na feni.

Jioni ile mezani nikasimama kumkaribisha rasmi. Nilikuwa nimeshakohoa kidogo, kusafisha koo.

"Papa, ikala," mama akasema, akinionyesha kiti, bila hasira. "Ile siku nilikuwa na maneno kidogo tu. Nilitaka kumuomba anisaidie nibakie ku nyumba yangu."

Nikakaa.