Fainali Siku ya Tatu ya Msiba

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, huku kwetu juu ya Lushoto, njia ya kwenda Kwai, redio ya kutegemewa ilikuwa moja tu, ya balozi wetu wa nyumba kumi. Anaiweka dirishani, sisi tunakaa nje, wanaume kwenye benchi, wanawake chini na maharage yetu ya kuchambua. Wenzangu walikuwa wanafuata salamu. Mie nilikuwa nafuata mpira. Shule sijaenda hata siku moja, ila yule mtangazaji nilimjua kuliko mke wake, anavyovuta pumzi kabla ya goli, anavyosema, "Mpira unaelekea lango la kusini," kama vile sisi kusini tunakuona. Kesho yake shambani nawapa wanawake mechi nzima kwa sauti yake, na juu yake naweka ya balozi, maana yule mzee alikuwa anagombana na redio. "Toa pasi wewe. Mpira umeachiwa urithi?"

Mwaka huo vijana wetu wa taifa wakafika mbali kwenye mashindano ya nchi hizi za jirani. Nusu fainali tuliisikilizia pale dirishani, tukashinda, nikamwaga maharage yote. Fainali ikawa Jumamosi saa kumi. Tulicheza na nani sisemi, mjukuu wangu kaolewa huko.

Alhamisi asubuhi balozi akafa.

Nililia. Alikuwa mtu mwema, nililia kwa haki. Lakini chozi la pili lilikuwa la fainali, nisiwadanganye. Msibani redio haifunguliwi, iwe ya wafiwa, iwe ya jirani, mpaka hitima isomwe, na hitima imepangwa Jumapili.

Jumamosi tuko jikoni nyuma ya nyumba, ukungu umeshuka mpaka kwenye masufuria. Nikaanza kuona mambo siyaelewi. Mtu mwenye saa ya mkono alikuwa mmoja, bwana shamba, na siku hiyo kila mwanaume anataka kujua saa. Mume wangu, "Saa ngapi, bwana shamba?" "Saa tisa na nusu." Hajamaliza hata kikombe, "Sasa hivi je?" Mtu ambaye maisha yake yote saa anaijua kwa njaa.

Kidogo bwana shamba kasimama. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha ofisini hata akiomba chumvi. "Ndugu zangu, naomba nikakague mbegu za kabichi ghalani, zisije zikaathirika na unyevunyevu." Mbegu zenyewe zilishapandwa. Akafuata mdogo wake marehemu, yule wa kikohozi. "Ngoja nikakohoe kule, nisiwakere." Tangu lini? Huyo alikuwa anakukoholea kwenye sahani. Mwisho mume wangu, anatazama chini. "Namkatia ng'ombe majani." Ng'ombe nimemkatia mwenyewe asubuhi.

Nikasema hawa watu wana kitu.

Nikashika kazi ya kupembua mchele pale penye mlango, ili niwaone wakirudi. Walikuwa wanapokezana, mmoja anakuja kukaa kidogo watu wamwone, mwingine anatoka. Mara mume wangu huyo, kashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa puu kwenye benchi. Wanawake wakamhurumia. "Maskini, walipendana sana na marehemu." Mie nikajua tumefungwa.

Lakini wanasikilizia wapi? Na redio ya nani?

Nikachukua kikombe cha uji, nikaingia ndani kwa mama balozi. Alikuwa kwenye mkeka, amekaa eda, peke yake kwa dakika hiyo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," huku jicho liko juu ya kabati. Redio ilikuwa inakaa pale, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa kipo, na chini yake kuna kitu, ila kitu chenyewe kimekuwa na tumbo. Tangu lini redio ina tumbo? Nikainua ncha ya kitambaa. Sufuria ya maziwa, imegeuzwa.

"Mama, umeibiwa," nikamnong'oneza. "Mwenyewe hajamaliza siku tatu, washagawana mali. Na nawajua."

"Shusha kitambaa," akasema. "Hakuna aliyeiba. Nimewapa mimi."

"Wewe?"

"Yeye alikuwa anaisubiri hii fainali mpaka pumzi ya mwisho. Nikaona basi, wenzake wamsikilizie."

Hapo nikaingiwa na uchungu. "Na mimi sikuwa mwenzake? Mbona sikuambiwa?"

"Uambiwe wewe?" Akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni. "Uambiwe wewe, jikoni wapate goli kwa sauti ya mtangazaji kabla wali haujaiva? Watasema mume kaburini hajapoa, mke kafungulia redio. Nitaweka wapi uso? Wote walisema, yule asijue. Mume wako ndiye aliyeanza."

Mdomo wangu ndio ulioniponza, na mdomo sikuuazima kwa mtu.

Akanywa uji kidogo. Halafu, "Nenda basi, wako ghalani. Wasikuone. Ukirudi unipe mimi, mimi tu. Neno likitoka jikoni, nitajua limetoka kwako."

Nikamwahidi, nikabeba debe kama naenda kuteka maji, nikazungukia nyuma ya ghala la kijiji, nikabandika sikio kwenye mbao. Redio wameifunika magunia ya mbolea, betri zimechoka, mtangazaji anasikika kama mtu mwenye mafua kajifunika blanketi. Goli moja kwa moja. Tumesawazisha lini, sijui. Kila mpira ukikaribia goli, mdogo wake marehemu anakohoa. Nikaanza kumtilia shaka hata yeye, huenda kalipwa na wale wageni. Mtangazaji naye sikumwamini, alikuwa anawasifia sana wale, "vijana warefu, wenye pumzi." Pumzi zao zinakuhusu nini wewe?

Mara akavuta pumzi. Ile ya kwake, naijua. "Anamlamba chenga mmoja... anakwenda... anapigaaa..." Na kikohozi hicho. Nilitaka kuvunja ukuta.

Halafu nikasikia ndani ya ghala wanaume wanapiga magunia kwa ngumi, kimya kimya, pu, pu, pu, hakuna anayethubutu kupiga kelele. Nikauma khanga yangu mpaka ikatoboka. Nikasimama hapo kwenye ukungu, siamini, mpaka nikasikia filimbi ya mwisho kwa masikio yangu. Ndipo nikateka maji.

Mama balozi nikampa yote sikioni, na "anapigaaa" ya kunong'ona. Akanisikiliza, macho kafumba. Nilipomaliza akauliza, "Na yeye angesemaje?"

Nikamtazama kama ananitega. Hakuwa ananitega. Basi nikaita sauti ya balozi, ile ya kukwaruza. "Muda wote huo mlikuwa mnangoja nini? Mnataka nife?"

Akajifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Kama anacheka, kama analia, sikuuliza. Nikatoka.

Jikoni nikakaa na ushindi mdomoni kama kaa la moto. Jirani yangu akaniuliza, "Mbona leo umenyamaza hivyo, unaumwa?" Nikamwambia kichwa. Akanitazama, akamtazama mwenzake. Jioni nzima wananiangalia kwa pembeni.

Nyumbani mume wangu naye anahangaika. Anafungua mdomo, anafunga. "Unajua..." "Najua nini?" "Hamna." Nikamwacha achemke mpaka Jumapili, hitima imesomwa, tumeweka sahani chini. Akajikohoza, akaanza kunihadithia kwa majivuno, eti kuna mtu kutoka mjini kamwambia vijana wetu wamechukua kombe. Nikammalizia. Jezi iliyofunga, mguu uliofunga, beki aliyeanguka, kwa sauti ya mtangazaji mwenye mafua.

Tonge likabaki hewani. "Nani kakwambia?"

"Watu."

Akaamini ni bwana shamba aliyetoboa siri. Mwezi mzima hakumsalimia, na yule kijana wa watu anakuja mpaka mlangoni, "Ndugu yangu, nimekosea wapi kiutaratibu?" Mume wangu anamwangalia tu. Na mie nipo hapo hapo, nawakaribisha viti wote wawili, sisemi kitu. Nilikuwa nimemwahidi mama balozi.