Maua ya Meza ya Wazazi

Mama Vene wa Mlandege hapambi meza mpaka kwanza aketi mbele yake. Huvuta kiti, huketi, kisha hujikunja chini kama mgonjwa na kutazama mlangoni. Vijana wa ukumbini humcheka. Mimi ni jirani yake, na wakimcheka nikiwepo nawafokea, maana hawajui wanachokicheka.

Jina lake Matilda. Alianza kupamba kumbi tangu Vene, mwanawe wa pekee, yuko mgongoni. Kipimo chake kilikuwa kimoja: anaweka kiwiko mezani, anasimamisha mkono, anakunja ngumi. Ua lisipite ngumi. Mtu aliyekaa wima, ngumi hiyo humwishia chini ya kidevu, akaweza kuona mbele bila shida.

Kisha mumewe, Aroni Kalinga, akapata kiharusi. Mwanaume aliyekuwa akiinama kupita mlangoni akabaki amejikunja kitini, upande mmoja umekufa, maneno yamemwisha. Vene alipochumbiwa na kijana wa Ilomba, kule Mbeya, baba yake alihangaika na ulimi mpaka neno likatoka: "Ni... nimwone. Akiingia." Tangu hapo alikubali kula. Dawa alizokuwa akizitema akazimeza. Sisi majirani tulijua anaishi kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, amwone akiingia ukumbini.

Siku ya kumuaga Vene tulimkataza Matilda asiguse kazi, mama wa binti hupambiwa. Wapi!

"Meza ya baba yake naipamba mwenyewe, msinichoshe."

Alfajiri alikwenda Kalenga, akakata mayungiyungi meupe kando ya mto, akayapanga mbele ya kiti cha Aroni kwa ngumi yake ileile. Sijawahi kuona meza nzuri kama ile, na mpaka leo naichukia.

Muziki ukapigwa, Vene akaingia akicheza na wenzake. Aroni akaangua kilio. Mshereheshaji akatangaza kwamba mzee amezidiwa na furaha, nasi tukapiga vigelegele. Kabla ya keki alikuwa hoi, ndugu zake wakamrudisha nyumbani. Siku ya harusi hakufika. Tulimzika wiki iliyofuata.

Msiba ulipokwisha, video ya sherehe ililetwa. Tuliitazama sebuleni kwa Matilda, tukiutafuta uso wa marehemu. Tukauona: macho mawili nyuma ya majani, yanahangaika kushoto na kulia. Mkono wake mzima unasukuma chombo cha maua pembeni, kidogo kidogo. Halafu unatokea mkono wa mwanamke mwenye bangili, unakirudisha chombo katikati na kuyaweka sawa maua.

Matilda akaitazama bangili mkononi mwake.

"Alikuwa ananiomba niyatoe," alisema. "Baba Vene alikuwa ananiomba, na mimi nikamrudishia."

Niliinuka nikazima runinga.