Neno Moja Lilinifungia Leseni, Uso Ukapinda

Sikuja hapa kulia, jamani. Kulia nilishamaliza. Nimekuja kuwaambia wagonjwa wenzangu, na wauguzi mliofungiwa leseni, kwamba mtu anapona. Ila hasira yangu msiniombe niiache mlangoni.

Nilikuwaga muuguzi wa zahanati moja karibu na Mugango. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa. Friji yetu ilitumia mafuta ya taa, na mafuta hayakuwepo. Sindano za kuzuia damu kwa mama aliyejifungua zinaharibika kwa joto. Zahanati haikuwa na kufuli, basi nikazifunga kwenye chupa, nikaishusha ndani ya mtungi wangu wa maji nyumbani. Wakunga wote walijua.

Wakaja wakaguzi kusaka walanguzi. Mkubwa wao akauliza, "Dawa za serikali zinafanya nini kwako?"

Nikajibu, "Zinapoa."

Lo! Mimi nasema joto, yeye anasikia ulanguzi: kwamba nimezificha mpaka mambo yapoe, niziuze. Hakumuuliza hata mkunga mmoja. Leseni ikafungiwa.

Adhabu nikaimaliza, leseni nikarudishiwa. Nikadhani yameisha. Wapi! Nilienda Nyamuswa, nikaenda Musoma mjini. Kila ofisi karani anacheka, "Kumbe ndiye Mama Zinapoa?" Nafasi inajaa palepale. Nikarudi kulima mihogo huku moyo unawaka.

Asubuhi moja nilisukutua mdomo, maji yakamwagika upande wa kushoto. Jicho la upande huo likagoma kufumba. Chai ikanichuruzika mpaka kifuani, mate yakafuata. Nyuma ya sikio paliuma kama jipu. Wifi yangu Bhoke akapiga yowe, "Umerogwa wewe!" Akataka nikachanjwe dawa kwa mganga. Nikakataa kata kata, nikaenda hospitali.

Daktari wa Musoma aliniambia nikunje paji la uso. Upande mmoja ukakunjika, wa pili kimya. "Siyo kiharusi, sista," akasema. "Ni mshipa wa fahamu wa uso. Utarudi, lakini polepole. Linda jicho lisikauke."

Aliniita sista. Tangu nifungiwe hakuna aliyeniita hivyo.

Nikawa napaka dawa ya jicho, nikilala nalibandika plasta. Mbele ya kioo napuliza mashavu na kutamka pa, ba, ma. Bhoke akinikuta anasema, "Wifi, unambusu nani?" Namtukana, mate yanamrukia, tunacheka wote. Mdomo ulianza kusogea wakati wa palizi.

Halafu serikali ikaruhusu tena watu binafsi kufungua zahanati. Mzee Salumu, muuza vitambaa wa Bunda, akafungua yake. Nilimwendea mdomo bado uko upande. Safari hii sikungoja karani aseme.

"Shikamoo, Mzee. Mimi ndiye yule Mama Zinapoa." Nikamweleza yote, nikifoka. Nikajua kazi imeshapotea.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ungeziacha zioze, ingekuwaje?"

"Mama angevuja damu mpaka afe."

"Sasa walikuadhibu kwa nini?"

"Kawaulize wao, Mzee! Mimi nimechoka kuulizwa!"

Wafanyakazi wake wakaacha kazi, wakatutazama.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na Bhoke mwenye mdomo wake. Uso ukipinda, nenda hospitali siku hiyohiyo, ya waganga wa kuchanja achana nayo. Ukifungiwa leseni, usijifiche shambani kama mimi. Tumikia adhabu, kisha habari yako iseme mwenyewe kabla karani hajaisema kwa kicheko. Na ukiwa na hasira, kuwa nayo. Mimi haikunizuia kupona. Walionifungia hawajaniambia pole mpaka leo, na siwangoji.

Mzee Salumu naye hakusema pole siku ile. Alivua shingoni ufunguo wa kabati la dawa, akanipa mbele ya wafanyakazi wote, akaenda zake kuswali.