Ua wa Watoto wa Mbuzi

Nilikosa usingizi kwa ajili ya mbuzi. Nililala macho Lodwar nikijiuliza kama watoto wa mbuzi wa Kakuma wanaweza kuudanganya ulimwengu kuhusu bahari.

Niliajiriwa mwaka 2012, nikiwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi. Siku ya kwanza mratibu wa mradi alinikabidhi faneli na chupa nikinge mvua Lodwar na Kakuma, huku Turkana, maabara ipime naitrojeni iliyomo. Niliuliza bahari iko wapi hapa.

“Mbali sana,” alisema. “Ndiyo maana tuko hapa.”

Alinieleza kwamba naitrojeni tunayoivuta hewani haina neno. Yenye madhara ni ile ya moshi wa magari na viwanda, na amonia inayopanda kutoka kwenye mbolea na samadi. Upepo huibeba, mvua huiangusha baharini, mwani hunenepa kupita kiasi. Ukifa na kuoza humaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Wenzetu walikinga mvua ya pwani. Yetu ilikuwa ya kulinganishia: mvua ya mahali pasipo viwanda.

Kule Kakuma nilimwomba jirani wa kituo chetu cha mvua, Mama Ekal, azungushie faneli ua wa miiba ya mti wa mathenge, mbuzi wasiikaribie. Aliujenga vizuri mno. Msimu ulipoisha, majibu yalikuja: amonia ya Kakuma imepanda ajabu. Mratibu akasema ni moshi wa kuni za kambi ya wakimbizi, akaanza kuandika ripoti. Mimi nikarudi Kakuma kuchukua vifaa, nikakuta watoto wa mbuzi wamelala kuizunguka faneli.

“Ejok, Mama,” nilimsalimu Mama Ekal kwa Kiturkana. “Hii ua si ilikuwa ya kuzuia mbuzi?”

“Ejok. Ilizuia mbuzi kubwa. Hii ni watoto. Fisi haiwezi ingia hapa, daktari ya mvua. Si wewe ulisema nijenge mzuri?”

Ningemlaumu vipi? Lakini nikinyamaza, Kakuma ingeonekana chafu, na pwani ikilinganishwa nayo ingeonekana safi. Moshi wa huko ungesamehewa kwa sababu ya mkojo wa hapa. Nikisema, mvua ya msimu mzima ingemwagwa, pengine na kibarua changu. Na je, kama kweli ulikuwa moshi wa kuni? Niliyageuza hayo hadi Lodwar, na usiku kucha, kisha asubuhi nikaingia ofisini kwa Mratibu kabla sijapata wazo jingine.

“Madam, mvua ya Kakuma ni mvua ya zizi.”

“Una hakika?”

“Sina. Ndiyo maana haifai kubaki kwenye ripoti.”

Alinitazama, akaifuta Kakuma. “Basi nenda ukakinge nyingine.”

Mvua za 2013 zilikuwa bado. Mimi na Mama Ekal tulikata mathenge, tukajenga ua wa pili mbali na zizi, upande upepo unakotokea.

“Na ile ya kwanza?” aliuliza.

Nikamwambia ni wa watoto wa mbuzi. Akacheka, akafunga mlango wa miiba, nami nikaisuuza faneli na kuielekeza juu.